Paja la Kushoto

Ukungu wa Padova haufiki ghorofa ya chini.
Huku kuna taa tu, na harufu ya unga wa mbao,
na vizimba arobaini na viwili vikikwaruzwa usiku kucha.
Mimi ni Ornella Zanforlin, mpima uvimbe.
Kila asubuhi namshika panya kwa ngozi ya shingo,
namgeuza, nanyoosha paja la kushoto
mahali tulipopanda virusi,
na kalipa yangu ya chuma inabana, inatoa namba.
Siku ya sita: milimita tano.
Siku ya tisa: kumi na moja.
Siku ya kumi na tatu paja si paja tena,
ni kiazi kilichovishwa manyoya.

Kikulacho ki nguoni mwako, na hawa hawana nguo.
Virusi hivi haviui seli. Afadhali vingeua.
Vinaishika sikio, vinainong'oneza: gawanyika,
nayo inagawanyika, na binti zake wanagawanyika,
ukoo mzima uliosahau kuacha.
Lakini mwizi huyu ana uzembe mmoja:
kila nyumba anayoiteka huanikwa dirishani
kitambaa kidogo cha protini
kisicho cha wenyeji.

Na wapo wanaopita wakitazama madirisha.
Wamelelewa kwenye tezi iliyo juu ya moyo,
shule kali kuliko zote nilizosikia:
anayewashuku wenyeji hafukuzwi, anauawa.
Wachache wanaohitimu huzunguka na damu,
wiki na wiki, hawana kazi,
hadi mmoja akione kitambaa.
Hapigi kelele.
Anaigandama ile seli kifua kwa kifua,
anautoboa ukuta wake matundu
ambayo mbele yao sindano yangu ni gogo,
anapitisha neno: jimalize.
Inajimaliza, kwa adabu, kimya.
Yeye ameshafika kwa jirani.

Haya nimeyaona kwa hadubini, yametiwa rangi, yamekufa.
Yaliyo hai nayajua kwa kalipa tu.
Siku ya kumi na saba, milimita tisa.
Ishirini na moja, nne.
Siku ya ishirini na sita nilipapasa paja la namba thelathini na moja
nikakosa cha kubana.
Nikaandika sifuri, nikaikoleza wino mara mbili.

Daktari Bressanin alikataza kuwapa majina.
Sikumpa jina. Nilimpa mbegu ya alizeti, moja,
naye akaning'ata kidole.

Kizimba cha pembeni: ndugu zake wa tumbo moja,
tuliowapitisha kwenye mnururisho kabla ya virusi,
tukawaunguzia askari vita havijaanza.
Kwao uvimbe haukuwa na siku ya kushuka.
Kwa hiyo Jumatano mshindi ndiye aliyechinjwa.
Sitafuti neno laini.
Bandama lake lilikuwa kama kokwa ya tende, jekundu la zambarau.
Nililisaga juu ya wavu,
nikahesabu seli milioni ishirini,
nikamdunga nduguye mshipani, mkiani.
Mgeni njoo, mwenyeji apone,
nikasema kwa sauti. Feni ikazunguka.

Wiki mbili baadaye namba thelathini na nne
alikuwa na paja jembamba, anatafuna.
Bressanin alisema, "Vizuri," akaomba grafu.

Kitu kimoja hakimo daftarini.
Usiku wa kile kidole niliendesha baiskeli kando ya mfereji wa Piovego,
ukungu umelifuta daraja,
kidole kimevimba, kinapwita ndani ya sufu.
Nilikula supu. Nililala. Sikufanya lolote.
Asubuhi kilikuwa kidole tu.
Nani alipita humo usiku kucha, akichungulia?
Walikufa wangapi?
Nilishuka ngazi.
Glavu ikaingia bila kubana.